Wito wa Harambee: Tuwanoe Walimu wa Wanahabari

Wapendwa mliosomea hapa, wazazi, majirani na marafiki wote wa idara yetu ya uanahabari hapa Nairobi,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika nikiona haya, maana si rahisi mwalimu kutamka hadharani kwamba kuna jambo halijui.

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea taarifa ya mazoezi kuhusu maandamano ya Juni 2024, yale ya kupinga Mswada wa Fedha. Aliiandika vizuri. Juu yake aliweka picha ya umati na moshi. Nikampa 17 kwa 20, nikaisoma mbele ya darasa ili wenzake waige. Kabla sijaketi, binti mmoja wa viti vya nyuma akainua simu yake: "Mwalimu, hii picha si ya Nairobi. Ni ya nchi nyingine, tena ya miaka mingi iliyopita." Alikuwa ameipakia kwenye Google ikamwonyesha ilikotoka, kazi ya nusu dakika. Hakuna aliyecheka. Waliinamisha macho kwa adabu, kama watoto waliomwona mzazi wao akijikwaa, na adabu hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nimefundisha miaka 19. Nilitoka chumba cha habari nikijua kuthibitisha habari kwa kupiga simu, kwenda kituo cha polisi, kushinda nje ya Mahakama ya Milimani hadi wakili atoke. Kuithibitisha picha iliyozagaa kwenye WhatsApp sikufunzwa, na wengi wa wenzangu 13 hawakufunzwa. Uandishi wa mtandaoni tunaufundisha kwa chaki. Nachora blogu ubaoni: hapa kichwa, hapa picha, hapa kiungo, nakipigia mstari. Kijana mmoja aliniuliza msomaji akikibonyeza kinampeleka wapi. Ubaoni hakimpeleki popote.

Na mji wenyewe ni huu! Desemba 30, 2007, katika ghasia za baada ya uchaguzi, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, Wakenya walikimbilia blogu kujua yanayowapata ndugu zao. Januari 2008 Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika kwenye blogu yake, alitoa wazo la ramani ya kuonyesha ghasia zilikotokea, na siku chache baadaye yeye na wenzake wakaanzisha tovuti ya ramani hiyo, Ushahidi, wananchi wakatuma taarifa kwa simu na intaneti. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa. Wanafunzi wetu wamekulia katika hayo yote. Hawastahili kuyasoma kwenye ubao.

Hamjawahi kututupa. Paa la studio ya redio lilipovuja hadi tukawa tunarekodi huku ndoo zimetegwa sakafuni, mlileta mabati na mafundi katika wiki moja. Mungu hajasahau, nasi hatujasahau. Safari hii kinachovuja ni ujuzi wetu wenyewe.

Tumepanga Jumamosi sita za mafunzo kwa wahadhiri wote 14. Wanne waliosomea hapa, ambao sasa wanaishi kwa uandishi wa mtandaoni, watatufundisha bila malipo. Kila mhadhiri atafungua blogu yake na kuandika humo kila wiki, kwa Kiswahili au Kiingereza, mpaka mkono uzoee. Tutajifunza kusaka chimbuko la picha, kuweka viungo, kulinda nywila, kusahihisha kosa hadharani badala ya kulifuta kimyakimya. Tutazipitia pia sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 na ile ya kulinda data ya 2019, maana mwanafunzi tunayemtuma kuandika bila kuzijua tunamtuma kwenye shimo.

Gharama ni hizi: kompyuta 10 za mtumba kwa Sh22,000 kila moja, projekta Sh45,000, intaneti ya miezi mitatu Sh18,000, chai na chakula Sh30,000, nauli za wakufunzi Sh12,000. Jumla Sh325,000. Sisi wahadhiri tumetangulia kutoa Sh2,000 kila mmoja, zikawa Sh28,000. Zimebaki Sh297,000. Kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu zitabandikwa kwenye mlango wa idara kabla ya mwezi kwisha.

Kati yenu wamo ambao sauti zao nazisikia redioni kila asubuhi nikiwa kwenye matatu. Nafurahi mno, na hugeuka kumwambia jirani yangu, "Huyu nilimfundisha mimi." Mikono iliyosahihisha habari zenu za kwanza ndiyo hii inayonyooshwa leo. Mwenye shilingi mia alete, mwenye kompyuta iliyolala kabatini alete. Asiye na kitu aje atuombee, naye atakuwa amechanga.

Tukutane Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, katika ukumbi mdogo wa idara. Namba ya M-Pesa mtaipata kwa mweka hazina wetu. Yule binti wa viti vya nyuma amekubali kuwaonyesha wageni jinsi alivyoisaka ile picha. Nitaketi mbele kabisa, na daftari.