Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Treni Itaishia Musongati, Sisi Tunaanzia Hapo

Ndugu wanachama, wazee wetu waanzilishi, wenye malori, mawakala wa forodha, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, karibuni.

Hesabu atazisoma mhazini, na karatasi zake mnazo mkononi. Mimi nitasema tu kwamba michango ilisuasua, na sababu hakuna asiyeijua: lori likilala kwenye foleni ya mafuta, mwenye lori hana cha kuchanga. Dizeli na dola vilitutesa mwaka mzima. Mwishoni mwa Oktoba, intaneti ilipokatwa Tanzania siku ya uchaguzi, nyaraka ziligota na makontena yakaendelea kula gharama bandarini Dar es Salaam. Desemba mji wa Uvira, kule Kongo, ukaingia mikononi mwa waasi wa M23, na wenzetu wanaouza ng'ambo ya mpaka wa Gatumba wakabaki wanatazama maghala yao. Hayo tutayachambua kwenye mengineyo. Muda wangu nataka niutumie kwa jambo la reli, maana ndilo nimeulizwa kuliko yote.

Tarehe 29 Januari serikali yetu ya Burundi na ya Tanzania zilitia saini mkataba na kampuni za Kichina wa kujenga reli ya kisasa ya umeme kutoka Uvinza, upande wa Tanzania, hadi Musongati, kusini-mashariki mwa nchi yetu. Njia kuu ni km 240, ukijumlisha na reli za kupishania zinafika km 282. Gharama inapita dola bilioni 2.1 na muda uliowekwa ni miezi 72. Agosti jiwe la msingi likawekwa Musongati. Katika urefu wote huo, km 84 tu ndizo ziko ndani ya Burundi.

Najua wapo wanaoguna, na siwalaumu. Tuliwahi kuahidiwa reli ya kutoka Isaka kwenda Kigali, yenye tawi la kutokea Keza, upande wa Tanzania, hadi Gitega na Musongati. Upembuzi ukafanywa, makabrasha yakarundikana, na sisi tukaendelea kununua matairi. Safari hii naona tofauti kwa sababu mbili. Pesa imeanza kuonekana: Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha dola milioni 696 kwa kipande hiki pamoja na cha Tabora–Kigoma, na fungu letu la takriban milioni 98.6 ni msaada, si mkopo. Pili, reli hii inakuja kuungana na kitu kinachotembea. Tangu 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mimi naamini itajengwa. Kama ni miaka sita au kumi, hapo sitabishana na mtu.

Sasa lile swali: "Mwenyekiti, mbona inaishia Musongati, haishuki Bujumbura?" Jibu ni mlima. Ziwa letu Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ule mgongo wa milima wa Kongo-Nile tunaouvuka Bugarama unapita mita 2,000. Kila dereva hapa anaijua RN1, barabara kuu inayopanda mlima huo kutoka Bujumbura. Kona juu ya kona, ukungu asubuhi, lori limeingia gia ya kwanza, na vijana wa baiskeli wamening'inia nyuma ya tela ili wavutwe mpaka juu. Wakirudi wanateremka na mikungu ya ndizi, breki ni soli ya kandambili. Treni ya mizigo haipandi namna hiyo. Mwinuko ukishazidi mita 2 kwa kila mita 100, kichwa kinavuta mabehewa machache tu, na faida ya treni inaishia hapo. Piga hesabu mwenyewe: kupanda mita 1,300 kwa mwinuko huo kunataka km 65 za reli inayojizungusha, kwenye mlima ambao ukisimama mjini unauona kwa macho. La sivyo, utoboe mahandaki, tena kwenye miteremko yetu inayoporomoka mvua zikizidi. Upande wa mashariki nchi inapanda taratibu kutoka bonde la Malagarasi, ndiyo maana wahandisi wameanzia huko. Gitega, Bujumbura, kisha Uvira na Kindu kule Kongo, ziko kwenye ramani ya baadaye.

Maana yake kwetu ni kwamba kwa miaka mingi mzigo wa Bujumbura utakaopita njia hiyo utashushwa Musongati na kupakiwa kwenye lori. Kwa hiyo wenye malori msianze kuuza. Safari ya Dar es Salaam ndiyo itakayopungua. Ya Musongati kuja huku itazaliwa.

Lakini tusijidanganye kwamba reli inakwenda Musongati kwa ajili ya saruji na mbolea zetu. Inafuata madini ya nikeli yaliyoko huko. Miamba ile imejulikana tangu miaka ya 1970, na kilichokosekana ni njia ya kuitoa na umeme wa kuichakata. Treni itashuka baharini imejaa, kisha irudi tupu. Sisi ni kinyume: tunaingiza bidhaa nyingi kuliko tunazotoa, malori yetu yanakwenda Dar es Salaam matupu. Ukiviweka pamoja vinakamilishana, na nauli ya kurudi ingeweza kuwa nafuu sana. Tatizo ni kwamba behewa la kubebea mawe halibebi kontena. Kama Musongati itajengewa sehemu ya kupakia madini peke yake, bila uwanja wa makontena, kreni na ofisi ya forodha, treni tutaiona ikipita tu. Kamati imeliandikia hilo barua wizarani, na mwaka huu unaoanza tutalifuatilia wakati michoro bado inabadilika. Wale wenye mashamba ya ukoo kule Rutana, ambayo sasa ni sehemu ya Burunga, tafadhali hakikisheni hati zenu kabla ya wapima fidia kufika.

Kuna jambo ambalo halitawafurahisha wenye malori, nalo nalisema wazi. Reli ya zamani ilifika Kigoma mwaka 1914, na ya kisasa ya Tabora–Kigoma nayo imo kwenye ujenzi. Kutoka Kigoma mzigo ukipanda meli unafika Bujumbura bila kuiona Bugarama. Kwa saruji na mbolea ya mji huu, naona ziwa litaishinda Musongati, mradi bandari yetu iinuliwe ili maji ya ziwa yakijaa yasiifunike. Mwaka 2024 tuliona ziwa linavyoweza kuingia hadi mitaani. Musongati itafaa zaidi Gitega na mikoa ya mashariki. Chama kinachoshika mlango mmoja kitaachwa nje.

Kamati inaleta pendekezo moja mbele yenu: mchango maalumu wa kupeleka wajumbe Kwala, mkoa wa Pwani, kwenye bandari kavu ambako Burundi imetengewa eneo, wakajionee kontena linavyotoka kwenye meli hadi kwenye behewa na nani analipwa kwa kazi gani. Kiwango cha mchango kiko ukurasa wa mwisho wa karatasi za mhazini. Akishamaliza kusoma, tutapiga kura kwa kunyoosha mikono.