Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: viti 10 vya Ibara ya 66

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Buhingu, wilayani Uvinza, huku tunakofikiwa kwa boti ya kutoka Kibirizi, Kigoma mjini, Ziwa Tanganyika likikubali.

Ibara ya 66 ya Katiba inakiri kwamba sanduku la kura peke yake halitoshi. Wanawake wametengewa viti maalumu visivyopungua asilimia 30, Baraza la Wawakilishi linaleta wabunge 5 kutoka Zanzibar, na Rais anaweza kuteua wasiozidi 10. Ombi langu liko kwenye hao 10. Wawili kati yao watoke kwenye jamii ndogo ambazo hata zikipiga kura zote haziwezi kuamua jimbo: Wahadzabe wa Eyasi, Waakie, na sisi Watongwe.

Najua utakaloambiwa: huo ni ukabila. Hofu hiyo naiheshimu, nimelelewa nayo, na ndiyo iliyotufikisha hapa bila kushikiana mapanga. Ila kwenye vikao vya kutafuta mgombea, kijana wa kwetu akijitokeza swali la kwanza ni "Kwani kwenu mko wangapi?" Kabila limeshahesabiwa hapo, tena kwa sauti ya chini. Na kwa kuwa Ibara ya 67 inamtaka mgombea adhaminiwe na chama, hana pa kulikwepea swali hilo.

Tuko wangapi? Sijui, sensa haiulizi. Sokwe wa milima ya Mahale, majirani zetu, wanafuatwa na watafiti tangu 1965. Kila mmoja ana jina, akizaa anaandikwa. Bibi yangu alizaliwa kwenye miteremko hiyohiyo, kabla haijatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Jioni akikaa barazani hunyoosha fimbo kuelekea mlimani: pale kwenye miembe palikuwa kwa mjomba wake, kule chini wakianika dagaa, na juu kwenye kilele cha Nkungwe ndiko wazee walikopeleka tambiko. Siku Bunge likijadili mipaka ya hifadhi, maneno hayo atayasema nani?

Mfano hauko mbali. Ukivuka Manyovu uko Burundi, ambako Katiba ya 2005 iliwapa Watwa, jamii ndogo ya huko, viti 3 katika Bunge na 3 katika Seneti. Sisemi shida zao zimekwisha. Tena kiti cha kuteuliwa kina ugonjwa wake: aliyekalia humtazama aliyemweka. Kwa hiyo jina litoke kwenye mkutano wa jamii yenyewe, Rais athibitishe tu. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wamekwenda mbele zaidi, huchagua wabunge wao wenyewe tangu karne ya 19, na sasa wana viti 7. Novemba 2024 mbunge wao kijana, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, alichana nakala ya muswada uliogusa mkataba wao wa 1840 na Waingereza, akaanzisha haka, ngoma ya jadi ya Kimaori, katikati ya kikao. Baadaye alisimamishwa siku 7. Muswada nao ulianguka, kura 112 kwa 11.

Sisi hatutacheza ngoma Dodoma, usiwe na wasiwasi. (Ingawa bibi angependa.)

Mheshimiwa, mjadala wa katiba ukifunguliwa tena, usitutumie dodoso. Panda boti Kibirizi, uje na mtu mwenye daftari. Bibi hajui kusoma, lakini vijito vyote kutoka hapa hadi Nkungwe anavijua kwa majina, na macho yake yameanza kufifia.

Wako,
Mkazi wa Buhingu, Kigoma