Ala nazo zitazamwe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi mitumbwi mstaafu, mkazi wa Kirumba, Mwanza. Nina visu vinne vya Nepali, vile wenyewe wanavyoviita khukuri. Mgeni akiviona ukutani huuliza makali tu. Ala, yaani mfuko wa kisu, haiulizi mtu!

Ala nyingi ni vipande viwili vya mti vilivyogundishwa, kisha vikavikwa ngozi ya nyati wa kufugwa. Yangu moja haina ngozi; mti mtupu, umechongwa maua na majani tangu mdomoni hadi nchani. Nimechonga mbao miaka 38, mkono ule siuwezi. Nyuma ya ala zimechomekwa karda, yaani kisu kidogo, na chakmak, yaani kisu butu cha kunolea na kuwashia moto kwa jiwe. Bapa lenyewe mara nyingi hufuliwa kwa springi ya gari, kama mapanga ya wahunzi wetu.

Vijana wanaoanza kukusanya, angalieni: ukichomoa, shika ala upande wa mgongo. Makali hupenya pale vipande viwili vya ala vilipounganishwa. Kovu la kidole ninalo. Na kwa unyevu huu wa ziwa, msivihifadhi ndani ya ala. Cha kwanza kiliota kutu masika moja tu.

Fundi mstaafu,
Kirumba, Mwanza