Hasira haiulizi nani kaiba

Ndugu Mhariri,

Naandika kuchangia mjadala wa gazeti lako kuhusu wananchi kujichukulia sheria mkononi hapa Mbeya. Wapo wanaodai kuwa uchungu wa aliyeibiwa unatosha kutuonyesha haki. Katika karne ya 18 mwanafalsafa David Hume wa Scotland alisema maadili huanzia kwenye hisia. Mwanafalsafa mwingine, Immanuel Kant wa Ujerumani, akashikilia kuwa msingi wake ni akili.

Hume namwelewa: asiye na huruma hata umpe hoja mia hashtuki. Lakini yowe la mwizi likipigwa Mwanjelwa, hasira haiulizi kama aliyekamatwa ndiye. Akili ndiyo huuliza. Na mara nyingi mwenye tofali mkononi hakuibiwa chochote!

Naomba wenyeviti wa mitaa waitishe mikutano, tukubaliane mapema, vichwa vikiwa vimetulia, kwamba mtuhumiwa atakabidhiwa polisi akiwa hai.

Msomaji wako,
Mbeya