Picha ya tatu sikurudishii

Goma, Jumamosi asubuhi

Wajina wangu,

Barua yako ilinifikia Jumatano, imekunjwa pamoja na zile picha za kazi za wasanii ulizochapisha. Nimecheka pale ulipoandika kwamba ukijaza kabati saruji na kuliweka sebuleni, mama mkwe atakushika mkono akupeleke kuombewa. Nimecheka, lakini usiku nikarudi kuzitazama, na asubuhi tena, mpaka kijana wangu wa kazi akaniuliza kama nimepata oda ya wazungu.

Umeuliza huyu msanii mwanamke wa Kolombia, Doris Salcedo, anaharibu samani kwa nini, na huku kwetu kuna watu wanakalia mawe. Swali ni la haki. Mimi nilianza kwa hesabu. Mwaka 2003, mjini Istanbul, alirundika viti kama 1,550 katika pengo kati ya majengo mawili, viti vya mbao vya kawaida, vimepanda juu ghorofa kwa ghorofa, na upande wa barabarani vimenyooka kama ukuta uliopigwa randa. Mimi natoa viti vinne kwa wiki, kama mbao zimekauka na hakuna msiba mtaani. Ni zaidi ya miaka 7 ya mikono yangu. Nilikasirika kuliko wewe.

Basi Alhamisi mama mmoja wa mtaa wa Majengo akaniletea kabati juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. La mbao ya libuyu, milango miwili, kazi ya fundi wa zamani: mgongoni hakuna hata msumari, ni viungo vitupu. Amehama mara tatu, na nyumba aliyopanga sasa mlango wake ni mfupi, kabati haliingii. Anataka nilipunguze sentimita 30. Nikafungua kulitazama. Ndani, chini upande wa kulia, ubao umelika na kung'aa mahali pamoja tu, kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Nikamuuliza panya au nini.

"Ni viatu vya mzee," akasema. "Alikuwa anavitupa hapo bila kuangalia."

Upande wake yeye ubao uko vilevile kama ulivyotoka kwa fundi. Mzee yuko wapi sikuuliza, na yeye hakusema.

Sasa chukua ile picha ya tatu, ya kabati lililojazwa saruji. Salcedo alikaa na familia ambazo watu wao walichukuliwa katika vita vya Kolombia, akawasikiliza, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 ndiyo hiyo kazi yake: makabati, viti, vitanda vya watu. Angalia pale karibu na ubao, utaona kitambaa kimezama ndani ya saruji, kimebaki ukingo. Mlango haufunguki tena, wala huwezi kutundika nguo ya mtu mwingine humo. Wewe unasema ameliharibu. Mimi naona amelifunga lisipate mwenyeji mpya. Yule mama angeweza kuuza libuyu lake sokoni Birere asubuhi moja na kununua kabati la kitambaa la Wachina, abaki na hela mkononi. Badala yake ananilipa mimi nilikate.

Ile nyumba ya London, hapo tunapishana kabisa. Unasema ni bonge la zege tu. Rachel Whiteread alichukua nyumba iliyobaki peke yake kwenye mstari wa nyumba zilizobomolewa, mwaka 1993. Akanyunyizia zege kwenye kuta za ndani juu ya nyavu za chuma, kisha akaondoa matofali ya nje. Kilichobaki kimesimama ni ile hewa ya ndani, imekuwa jiwe: mahali pa kuwashia moto pametokeza nje kama tumbo. Siku alipopewa tuzo ya Turner, mwanamke wa kwanza kuipata, siku hiyo hiyo madiwani wakaamua ivunjwe. Tarehe 11 Januari 1994 wakaivunja.

Nilipomaliza kusoma hayo nilitoka nje nikasimama kwenye kiwanja cha mjomba. Unakumbuka tarehe 17 Januari 2002. Lava ya volkeno ya Nyiragongo iliingia kwa mlango wa jikoni, na ilipopoa manjanja ya paa yalikuwa usawa wa magoti yangu. Mjomba akajenga juu yake. Meza ninayoandikia iko juu ya sebule yake, sawasawa pale palipokuwa na redio. Kwa hiyo nyumba iliyojazwa hainishangazi. Ila lava ni moto, wajina. Kabati la mjomba liliwaka, fremu za madirisha ziliwaka, na leo ukivunja jiwe lile hutapata hata alama ya kitasa. Zege ni baridi, lilihifadhi kila fremu ya dirisha. Mimi, mtu mzima mwenye watoto, nimeionea wivu nyumba ya London ambayo nayo haipo.

Yule msanii mwingine, Mona Hatoum, aliyeunganisha vitanda, meza na vyombo vya jikoni kwa nyaya za umeme ili taa ziwake na kufifia, mwambie asije Goma. Onyesho litafungwa saa moja jioni, wenye umeme wakishautaka wao.

Kabati la mama sijalikata bado. Jana nilimwambia nitatoa miguu na kile kitaji cha juu, ubao wa chini sitaugusa. Akanitazama. "Wewe ulifikiri ningekuruhusu?"

Nitafutie bawaba hapo sokoni Kadutu, pea nne, za shaba, hizi za chuma unyevu wa ziwa unazila. Mpe huyu huyu anayekuletea barua, anarudi na boti ya Jumanne. Nimemfungia mama yako fromaji, jibini ya Masisi, usiikate njiani. Picha ya tatu sikurudishii, nimeibandika juu ya meza ya kazi.

Ni mimi,
wajina wako