Mkono mmoja haulei mwana: harambee ya chumba cha kunyonyeshea, Soko la Kongowea

Kwa wafanyabiashara wenzetu wa Kongowea, wateja wetu, majirani wa Nyali na Kisauni, na ndugu mlio mbali ambao karo yenu ililipwa na soko hili: salaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo.

Sisi ni akina mama wachuuzi. Tunauza nyanya, vitunguu, mchicha, nazi na mitumba. Tunawaomba mtushike mkono tujenge chumba kimoja kidogo humu sokoni, chenye maji, viti na friji, mama apate pa kukaa amnyonyeshe mwanawe, au akamue maziwa ya kumpelekea nyumbani.

Anayejiuliza chumba hicho ni cha nini, aje alfajiri malori yanaposhusha mizigo. Atamwona mama aliyejifungua mwezi uliopita akiinua kreti za nyanya na wenzake. Ikifika saa nne, leso aliyojifunga kifuani imelowa mahali pawili, na mtoto yuko Bombolulu kwa jirani, analia. Mama hujibanza nyuma ya magunia, akawapa watu mgongo, akakamua maziwa chini kwenye maganda ya vitunguu. Akimaliza anajifuta, anarudi kuuza. Nimeliona hilo miaka mingi na bado sijalizoea.

Mimi ninayeandika ni katibu wa kikundi. Mwanangu wa kwanza nilimwacha nyumbani akiwa na siku 24, kwa sababu mtaji ulikuwa unaisha na kodi haingoji arubaini ya mtu. Niliacha maji ya glukosi na uji mwepesi kwenye chupa. Wiki ya pili ziwa la kushoto likawa gumu kama jiwe, likawaka moto, nikashikwa na homa ya kutetemeka. Mtoto naye akaanza kuharisha. Wapo walioniambia ni kijicho, wapo walioniambia maziwa yangu ni mepesi, hayamfai mtoto. Muuguzi aliyetupokea hakunifokea. Alikaa kitandani kando yangu, akanionyesha kidole gumba kikae juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya weusi wa chuchu, nisukume kwanza kuelekea kifuani ndipo nibane, bila kuburura ngozi. Akanieleza kuwa ziwa hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa; likiachwa limejaa kutwa nzima, mwili huanza kupunguza. Kumbe sikuwa mama mwenye maziwa mepesi. Nilikosa mahali na dakika ishirini.

Tangu hapo tunaambizana. Mtoto anyonye ndani ya saa moja ya kwanza, na ile dang'a ya manjano isimwagwe hata tone, kwa kuwa ndiyo kinga yake ya mwanzo. Miezi 6 ziwa peke yake, kisha chakula kiingie na ziwa liendelee hadi miaka 2 na zaidi. Maji je, na joto hili letu? Maziwa ya mama karibu sehemu tisa kwa kumi ni maji. Mtoto hana kiu ambayo ziwa halitaikata. Haya mama wengi wanayajua siku hizi. Mwaka 2008 hadi 2009, uchunguzi wa afya wa taifa uliwakuta watoto 32 tu katika kila 100 wa chini ya miezi 6 wakinyonya bila kupewa kitu kingine. Mwaka 2014 wakafika 61. Uchunguzi wa 2022 ukakuta 60. Mafunzo yametufikisha hapo, na kwa maoni yangu mama wa sokoni hawezi kupiga hatua nyingine kwa mafunzo matupu. Anajua la kufanya. Hana pa kulifanyia.

Sheria ipo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, kisiwe chooni, kiwe na pa kunawa mikono, friji, meza ndogo na viti vya starehe, na ampe mama muda wa kunyonyesha nje ya ule wa chakula. Ni sheria nzuri, tunaishukuru. Lakini muuza mchicha mwajiri wake ni nani? Hajaandikwa na mtu. Likizo ya uzazi ya miezi 3 haimhusu. Basi tumeamua kuwa mwajiri wake ni sisi, sote tunaokula mboga zake.

Hadi sasa tuna kona nyuma ya mabanda ya nazi, mabati 20, mlango mmoja wa mbao, na fundi aliyejitolea kujenga bila malipo. Vijana wa mikokoteni ndio waliotangulia kuchanga, Mungu awabariki. Kilichobaki ni saruji, mchanga, tangi la maji, viti sita, pazia na friji ndogo. Msione friji ni anasa: maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, na Mombasa mwezi wa Februari tunapita 30. Ndani ya friji hukaa hadi siku 4. Hapo ndipo mama anaporudi nyumbani jioni na chupa mkononi, na jirani kesho hana sababu ya kukoroga uji.

Akina baba, mchango wenu si fedha peke yake. Mama aliyepumzika na kula vizuri hunyonyesha kwa utulivu. Chota maji, osha nepi, mkatie maneno anayemwambia mkeo maziwa yake hayatoshi.

Harambee itafanyika hapa hapa sokoni Jumapili ya kwanza ya Agosti, baada ya adhuhuri, kwa kuwa siku 7 za mwanzo za mwezi huo ni wiki ya kunyonyesha duniani. Kadi za mchango ziko kwa mweka hazina, kwenye kibanda cha ndizi langoni. Shilingi 50 itaandikwa daftarini sawa na elfu tano, na daftari litakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Asiye na pesa alete kitu. Kiti cha zamani chenye mgongo mrefu na mikono ya kuegemeza viwiko tunakitaka sana. Hata kama kimechubuka kilete, rangi tutapaka wenyewe.