Picha za Lamu si milango na punda tu

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa Langoni, Lamu, naomba nafasi niseme hili la picha manake linanikera. Kila mpiga picha anayeshuka gatini na kamera lake kubwa kazi ni ile ile, mlango wa nakshi, punda, jahazi na jua lazama, basi kamaliza Lamu. Ukizitazama utadhani watu wamekaa pale pale hata kabla UNESCO haijatuandika kwenye urithi wa dunia 2001, na wallahi sioni nyumba hapa isiyokuwa na mtu alohama ama alohamia.

Kuna Wabajuni walokimbia vijiji vyao vya pwani ya bara wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, miaka ya sitini, wengine wako Malindi na Mombasa na washapata wajukuu huko huko. 1991 Somalia ilipovunjika, wenzao wa Kismayu na visiwa vya kule nao wakaja. Mpeketoni, ng'ambo yetu bara, watu wa bara walipewa mashamba miaka ya sabini, vijana wetu nao wako Saudia na Omani, na kijiji jirani cha Shela wazungu wamenunua majumba. Hayo yako wapi kwenye picha mnazotuonyesha?

Picha zenyewe zipo, ziko masandukuni. Shangazi yangu anayo ya kakake, kola pana, redio mkononi kama mtoto mchanga, nyuma wino wa buluu: "Kwa mama, mimi mzima, Jedda." Upande mmoja umekatwa kwa makasi, umebaki mkono wa mtu begani. Nikauliza ni nani huyo, shangazi akanitilia kahawa.

Na ufundi tulikuwa nao. Marehemu Omar Said Bakor na studio yake hapa hapa Lamu alikuwa akikata picha na kuzibandika upya kabla kompyuta hazijafika. Kule Mombasa kwenye feri ya Likoni nako wapiga picha walikuwa na mapazia ya ndege na meli, mtu wa bara alokuja kutafuta kazi anasimama mbele anapigwa anatuma kwao, ndege hajaipanda. Mimi hiyo siiti uongo, kwao walitaka kujua kama amefika.

Sahizi kila kitu ni WhatsApp, simu ikianguka majini kati ya hapa na Mokowe zimekwenda zote.

Kwa hivyo naomba gazeti litoe japo nusu ukurasa kwa wiki kwa picha hizi za majumbani, na makumbusho wawaite wazee pale ngomeni waeleze huyu nani, alitoka wapi, alikwenda na chombo gani, yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli si kwa biki. Ila picha za wanawake msichapishe kabla ya kuwauliza wenyewe ama watoto wao, nyingi zilipigwa za ndani na za harusi, si za kutazamwa na kila mtu, na mkilikosea hilo hakuna nyumba itakayowafungulia sanduku tena.

Msomaji, Langoni, Lamu